Njaa Iliyoandikwa Kwenye Majani: Mashamba ya Mbinga na Rangi Zake

Mahindi yaliyopandwa Desemba kwenye miteremko ya Mbinga, mkoani Ruvuma, ukiyatazama katikati ya Januari, huweza kukuonyesha rangi usiyoitarajia shambani. Kingo za majani ya chini zimeingia zambarau, shina limekonda, na mmea ambao ungekuwa unakaribia magoti bado uko chini ya ugoko. Wa kulaumiwa hawakosekani: mbegu ya dukani, mvua iliyochelewa, baridi ya mlimani. Baridi ina sehemu yake kweli, maana udongo ukiwa wa baridi mizizi hunyonya polepole, na zipo mbegu ambazo miche yake huzaliwa na zambarau kidogo kisha ikaacha. Lakini zambarau inayokaa wiki baada ya wiki, huku mmea ukiwa umedumaa, ni habari inayotoka ndani kabisa ya seli za jani. Fosforasi haitoshi.

Kwa mkulima wa kata ya Ukata, kwa jirani zake wa nyanda za juu za Wamatengo, na kwa wale wanaoteremka mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa upande wa Mbamba Bay, kuisoma habari hiyo ni suala la fedha na chakula. Mfuko wa mbolea ulionunuliwa kwa kubahatisha ni hasara mara mbili: pesa imetoka, na njaa ya mmea iko pale pale. Ndiyo maana swali la kwanza shambani lisiwe mbolea ipi inunuliwe. Swali la kwanza ni jani lipi limebadilika rangi, lililokomaa au changa, na rangi hiyo imeanzia wapi: kwenye uti, kwenye ukingo, au katikati ya mishipa.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili kilitokea ng'ambo ya ziwa hilohilo. Kusini mwa Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi, mashamba ya chai yaliingiwa na maradhi yaliyopewa jina kwa rangi yake, umanjano wa chai. Majani mapya yalitoka madogo na ya njano, yakajikunja, machipukizi yakaanza kufa, na miti iliyodhoofika hivyo mwaka hadi mwaka ikamalizika. Aliyeyashughulikia maradhi hayo upande wa Nyasaland alikuwa R. Leach, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Mwenzake alitoka Tanganyika, kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kuendeshwa na Waingereza kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Jina lake H. H. Storey.

Storey aliyefika Amani mwaka 1928 alikuwa mtu wa virusi. Ndiye aliyechunguza kwa kina ugonjwa wa milia ya mahindi na kuonyesha kwamba uwezo wa kile kidudu kidogo kirukacho, Cicadulina mbila, wa kueneza virusi hivyo ni sifa inayorithiwa kutoka kwa wazazi wake. Baadaye alishughulikia pia batobato ya mihogo. Mtu mwenye historia hiyo angeweza kuutazama umanjano wa chai akaona virusi vingine vipya. Mwaka 1933 yeye na Leach wakachapisha jibu la namna nyingine: mti wa chai ulikuwa na njaa ya salfa. Hapakuwa na vimelea vya kuua. Ukiupa salfa, rangi ya kijani inarudi.

Jambo hili lilikuwa geni kwa wakulima wengi wa wakati ule, kwa sababu salfa haikuwa katika orodha ya vitu walivyoviwaza wanapozungumzia mbolea. Ilhali ndani ya seli haina mbadala. Amino asidi mbili, sisteini na methionini, hujengwa kwa salfa, na karibu kila protini ya jani inazihitaji. Salfa ikikosekana, protini hazikamiliki. Protini zisipokamilika, hakuna kiunzi cha kushikilia klorofili, na jani linatoka likiwa limepauka tangu siku ya kwanza. Tena salfa ikishaingia kwenye jani lililokomaa haihami kirahisi. Kwa hiyo mmea wenye njaa ya salfa huanza kuwa wa njano juu, kwenye majani machanga, wakati yale ya chini yangali kijani.

Kuna sababu ya pili ya kukikumbuka kisa hicho katika mkoa wa Ruvuma, nayo ni moto. Nyasi na mabua yakichomwa, potasiamu, kalsiamu na sehemu kubwa ya fosforasi hubaki katika majivu. Sehemu kubwa ya naitrojeni na salfa hupaa na moshi. Mteremko unaochomwa kila mwaka unapoteza hivyo viwili kila mwaka, na mvua za kwanza zikishuka kabla ya mazao kufunika ardhi, hata majivu yenyewe husombwa bondeni.

Ili kuelewa kwa nini kila njaa ina sura yake, inabidi kuingia ndani ya jani. Katika majani ya mimea mingi, chini ya ngozi ya juu kuna seli ndefu zilizosimama wima, zimebanana, na kila moja ina makumi ya vijimwili vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo usanisinuru unamofanyika: mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni vinageuka sukari. Chini yake kuna seli zilizopangwa kwa nafasi ili hewa ipite, na upande wa chini wa jani kuna vitundu, stomata, kila kimoja kikiwa na seli mbili za kukifungua na kukifunga. Katikati ya yote hayo inapita mishipa, ikileta maji na madini kutoka mizizini na kuondoa sukari kupeleka kwenye nafaka, matunda na mizizi.

Sayansi ilichukua muda kuhusisha rangi na madini. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Eusèbe Gris aliyapaka majani yaliyopauka maji yenye chumvi ya chuma, na sehemu iliyopakwa ikarudi kuwa kijani. Mjerumani Richard Willstätter, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915, alionyesha kwamba katika kila molekuli ya klorofili kuna magnesiamu. Leo tunajua mpangilio wake: atomu moja ya magnesiamu katikati, imeshikwa na atomu nne za naitrojeni. Chuma chenyewe hakimo ndani ya klorofili, bali mmea hauwezi kuitengeneza klorofili bila msaada wake. Madini yanayotoka ardhini na ambayo mmea hauwezi kukamilisha maisha yake bila hayo ni 14, na nikeli ndiyo ya mwisho kuongezwa katika orodha hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Tuanze na naitrojeni, kwa sababu ndiyo njaa inayoonekana sana katika mahindi. Takribani robo tatu ya naitrojeni ya jani imo ndani ya kloroplasti, sehemu kubwa ikiwa katika protini za usanisinuru. Udongo ukishindwa kutoa naitrojeni mpya, mmea haukai kusubiri. Hufanya kama familia inayobomoa banda la zamani ili matofali yake yajenge chumba cha mtoto: kloroplasti za majani ya chini zinavunjwa, protini zake zinakatwakatwa kuwa amino asidi, na amino asidi hizo zinasafirishwa na utomvu kwenda kwenye majani machanga na baadaye kwenye gunzi. Jani la chini la hindi huanza kuwa njano kwenye ncha, na unjano huo unarudi nyuma ukifuata uti, ukichora umbo la V. Kingo zinabaki kijani kwa muda, kisha jani lote linakauka. Mkulima anayeona V hiyo kwenye majani ya chini hana haja ya kubishana na mtu. Mmea umeanza kujila.

Potasiamu nayo huhama kutoka majani ya chini kwenda juu, ila alama yake ni kinyume. Hapa ukingo ndio unaoungua kwanza, kuanzia nchani, huku uti ukiendelea kuwa kijani. Seli mbili zinazolinda kila kitundu cha jani hufunguka kwa kuingiza potasiamu. Maji huifuata, seli zinavimba, mlango unafunguka. Potasiamu ikiwa haba, milango hiyo haifanyi kazi sawasawa, jani linapoteza maji ovyo wakati wa jua kali na kunasa hewa kidogo wakati linapoihitaji. Sukari nayo husafiri kwa shida kutoka kwenye jani. Mwanga unaendelea kuingia, seli hazina njia ya kuutumia wote, na nguvu inayozidi inazalisha kemikali kali zinazotoboa utando wa seli zenyewe. Ukingo wa kahawia tunaouona ni kaburi la seli hizo.

Ufukweni mwa Nyasa, jambo hili linahusu muhogo. Muhogo unasifiwa kwa kuvumilia ardhi iliyochoka, na sifa hiyo ni ya haki, lakini kila gunia la mihogo linalotoka shambani linaondoka na potasiamu nyingi. Mchanga hauishiki. Shamba linalolimwa mihogo mfululizo bila majivu, samadi wala mabaki ya mimea kurudishwa litatoa mihogo midogo zaidi mwaka hadi mwaka, hata kama majani yake yanaonekana salama kwa macho. Muhogo una tabia ya kupunguza ukubwa na idadi ya majani yake kabla ya kuyaacha yabadilike rangi, na hivyo huificha njaa kuliko hindi.

Mlimani, potasiamu na naitrojeni zinahusu kahawa. Arabika ni mti usiojua kupunguza mzigo. Ukichanua sana, utajaribu kuzibeba buni zote, na buni zinazokua zinavuta sukari na madini kutoka majani yaliyo karibu kwa nguvu kuliko mizizi na machipukizi ya msimu ujao. M. G. R. Cannell, aliyefanya utafiti nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipima jinsi matunda yanavyojitwalia sehemu kubwa ya chakula cha mti. Mti usiolishwa hulipa kwa majani yake: yanapauka, yanapukutika, matawi yanakauka kutoka nchani, na baadhi ya buni zinabaki nyepesi. Msimu unaofuata hauna kitu. Wakulima wanaolalamikia mti unaozaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili wanaona matokeo ya hesabu iliyofungwa ndani ya majani miezi mingi kabla. Kupogoa matawi na kuweka miti ya kivuli kunasaidia kwa sababu hiyohiyo: maua yanapungua, majani yanayobaki yanatosha kulisha buni zilizopo.

Fosforasi, iliyoleta zambarau ya Januari, ina hadithi ndefu zaidi katika udongo wa Mbinga kuliko katika jani. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una chuma na aluminiamu kwa wingi, na sehemu nyingi una asidi. Asidi ikizidi, aluminiamu huyeyuka, huchoma ncha za mizizi, na pamoja na chuma huikamata fosforasi ikawa kitu kigumu ambacho mzizi hauwezi kukinywa. Fosforasi inaweza kuwamo ardhini na mmea ukafa njaa juu yake.

Ndani ya seli, kinachotokea ni hiki. Kloroplasti hutoa sukari yake nje kwa mabadilishano: kila kipande cha sukari chenye fosfati kinapotoka, fosfati moja lazima iingie. Bila fosfati, sukari inakwama ndani na kugeuka wanga. Seli zimejaa chakula zisichoweza kukitumia. Hazitanuki, hivyo jani hubaki dogo, na mwanzoni huwa la kijani kilichokolea kupita kawaida, jambo linalowadanganya wengi kudhani shamba lina afya. Sukari iliyolundikana ndiyo inayowasha utengenezaji wa anthosianini, rangi ya zambarau inayohifadhiwa katika vakuoli, ile hodhi ya maji iliyo katikati ya seli. Wataalamu wanaiona rangi hiyo pia kama kinga, kwa kuwa hupunguza mwanga unaozifikia kloroplasti ambazo haziwezi tena kuutumia. Kufikia siku zambarau inapoonekana, mizizi imeshakosa wiki zake muhimu za kukua. Urea haitaisaidia hata kidogo, kwa sababu urea ina naitrojeni asilimia 46 na haina fosforasi kabisa.

Hapo ndipo mfuko na jani vinapopaswa kusomwa pamoja. DAP ya kupandia ina naitrojeni asilimia 18 na fosfati asilimia 46. Mbolea ya SA ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, ingawa huongeza asidi ya udongo kuliko nyingine. Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara kutoka kwenye masalia ya ndege wa ziwa la kale, ina fosfati na kalsiamu, na huyeyuka vizuri zaidi pale ambapo udongo una asidi. Hiyo ni habari njema kwa Mbinga: udongo unaoifunga fosforasi ya mifuko mingine ndio unaoifungua ya Minjingu. Chokaa ya kilimo haiwi mbolea kwa maana ya kawaida, lakini kwa kupunguza asidi huiachia mizizi fosforasi iliyofungwa, na ikiwa ni ya dolomaiti huleta magnesiamu vilevile.

Magnesiamu ikipungua, majani ya chini yanaingia njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Hindi linapata milia ya njano na kijani kwa urefu wa jani. Kahawa inapata njano inayotanda kati ya mishipa ya pembeni. Seli zinazouzunguka mshipa hushikilia klorofili yake kwa muda mrefu kuliko seli za mbali, na ndiyo sababu mchoro huo unatokea. Ukiona mchoro unaofanana nao lakini kwenye majani machanga ya juu, usifikirie magnesiamu. Hicho ni chuma, ambacho hakihami. Zinki nayo hujionyesha juu: kwenye hindi, mkanda mpana mweupe kila upande wa uti, karibu na kitako cha jani changa, kwenye kahawa, majani membamba yaliyosongamana kwa sababu pingili zimeshindwa kurefuka. Inafaa ijulikane kwamba fosforasi ikimwagwa kupita kiasi inazidisha njaa ya zinki. Boroni ikikosekana, ncha ya tawi la kahawa inakufa na vichipukizi vingi vinatoka chini yake, vikitanuka kama upepeo.

Sasa turudi kwa Storey, maana mafunzo yake yana upande wa pili. Kama ilivyo hatari kuita njaa ugonjwa, ndivyo ilivyo hatari kuuita ugonjwa njaa. Milia ya virusi kwenye hindi ni vistari vyembamba vilivyokatikakatika, vyeupe au njano, vinavyoanza kwenye majani yaliyotoka baada ya mmea kuambukizwa, na mara nyingi mimea iliyopatwa imetawanyika huku na huku shambani. Milia ya magnesiamu ni mirefu, imenyooka, iko chini, na huikumba mimea yote ya jirani iliyo katika udongo mmoja. Batobato ya muhogo huyapinda majani na kuyachora mabaka yasiyolingana kulia na kushoto mwa uti. Njaa ya madini kwa kawaida hulinganisha pande zote mbili. Kutu ya majani ya kahawa, ugeuze jani, utaona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini. Njaa haina unga. Kiduha, gugu nyonyaji, kinadumaza na kupausha hindi kwa kulifyonza mizizini, kikiwa hakijachomoza hata kuonekana. Na maji yakituama, hindi linakuwa njano ingawa ardhi ina kila kitu, kwa kuwa mizizi iliyokosa hewa haiwezi kunyonya. Mtu akimwaga urea juu ya shamba la namna hiyo, ameitupa.

Wamatengo wana kitu ambacho wakulima wengi wa miteremko duniani hawana, nacho ni ngoro. Afisa wa kikoloni A. H. Pike aliiandika mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, wameichunguza kwa miaka mingi. Nyasi hufyekwa na kupangwa ardhini katika miraba, kazi ya wanaume kwa desturi. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, hata mteremko mzima unakuwa matuta yanayokutana na mashimo katikati yake, kila shimo likiwa na upana wa kama mita moja na nusu. Maji ya mvua huingia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Magugu ya palizi nayo hutupwa humo yakaoza.

Mpangilio wa mazao katika ngoro unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Baada ya matuta kuumbwa karibu na Machi, zao la kwanza ni maharage. Mahindi hufuata mwishoni mwa mwaka. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Zinapofukiwa, vijidudu vya udongo vinavyoziozesha huchukua naitrojeni yote vinayoipata kwa matumizi yao, na kwa miezi kadhaa mmea wowote unaotegemea naitrojeni ya udongo ungeona njaa. Hindi lingepandwa hapo lingechora V yake mapema. Maharage yana bakteria katika vinundu vya mizizi yao wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo yanakivuka kipindi hicho. Mahindi yanapofika, nyasi zimeshaoza, vijidudu vimekufa, na naitrojeni imeachiwa. Na kwa kuwa nyasi hazikuchomwa, salfa yake iko pale pale chini ya tuta.

Hata hivyo ngoro haiwezi kuumba fosforasi. Nyasi zilizoota katika udongo usio nayo hazitakuwa nayo za kutosha kurudisha, na idadi ya watu ilipoongezeka, muda wa kuipumzisha ardhi umefupishwa na nyasi za kufukia zimekuwa haba na dhaifu. Kahawa, ambayo haikai katika ngoro, ilitegemea zaidi mbolea ya kununua. Chama kikuu cha ushirika cha MBICU kiliwapa wakulima pembejeo kwa mkopo hadi kilipoanguka katika miaka ya 1990, wakati biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi kuanzia msimu wa 1994/95. Pengo hilo miti ililihisi. Miti ya kahawa ina kumbukumbu ndefu, na mti ulionyimwa chakula kwa miaka mitano haurudi katika hali yake kwa mfuko mmoja.

Tangu msimu wa 2022/23 serikali imerudisha mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliojiandikisha, na mkoa wa Ruvuma, mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, una kila haki ya kunufaika. Ruzuku inashusha bei ya mfuko. Haimwambii mkulima mfuko upi. Kazi hiyo ni ya bwana shamba mwenye muda wa kuingia shambani, na ya vituo ambavyo tayari vipo: Ugano, kituo kidogo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kiko Mbinga hapohapo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko Mbeya. Ni makosa makubwa kutumia mabilioni kusambaza naitrojeni katika udongo wenye asidi bila kusambaza pia majibu ya vipimo vya udongo huo, kata kwa kata, kwa lugha ambayo mkulima ataielewa. Halmashauri inayoweza kubandika orodha ya wapiga kura kwenye ofisi ya kijiji inaweza kubandika pale pale pH, kipimo cha asidi, ya mashamba ya kijiji hicho.

Mkulima naye ana lake la kufanya, na halihitaji mfadhili. Apande mistari michache pembeni mwa shamba bila mbolea, mistari michache yenye mbolea ya fosfati peke yake, na mingine yenye naitrojeni peke yake. Majani yatajibu ndani ya wiki chache, na jibu hilo ni la udongo wake mwenyewe, siyo la mkoa mzima. Asisubiri rangi, kwa kuwa kabla jani halijabadilika kuna njaa iliyofichika inayopunguza mavuno bila alama yoyote. Akiona rangi, achume jani lililobadilika na lingine lenye afya kutoka mmea wa jirani, ayapeleke yote mawili kwa afisa ugani, na aeleze yametoka chini au juu ya mmea. Asichome mabua.

Mvua za Mbinga huanza kati ya Novemba na Desemba, na majibu ya maabara huchukua muda. Wakulima wa Ukata na kata jirani wanaotaka kujua udongo wao kabla ya kununua mbolea wachukue sampuli Agosti au Septemba, kutoka sehemu kadhaa za shamba, kwa kina cha sentimita 20, wazichanganye, wazikaushe kivulini na kuzikabidhi ofisi ya kilimo ya kata. Wakifika na wakakuta hakuna wa kuzipokea, wadai apatikane.